Fundi Sweta na Gari la Alfajiri

Mume wangu anaogopa baridi kuliko anavyoniogopa mimi, na mimi si mtu wa kuchezea. Mji wetu umejibanza kwenye mteremko wa kilima, na ikifika miezi ya baridi ukungu hautoki mlangoni mpaka saa nne. Hapo ndipo utamwona yeye: sweta mbili ndani ya ovaroli, kofia ya sufu imeshuka mpaka kwenye nyusi, taulo shingoni utadhani anakwenda kupigana ndondi. Mchoraji wa vibao alipoombwa aandike jina lake juu ya mlango wa gereji, aliandika "Fundi Sweta, Giaboksi za Otomatiki", akakusanya brashi zake akaenda zake. Kibao hakikufutwa. Hata mimi nikikasirika humwita hivyo.

Gereji yenyewe iko nyuma ya kituo cha mafuta, bati juu, zege chini, shimo moja la kuingia uvunguni mwa gari, na meza ndefu iliyotandikwa magazeti. Juu ya magazeti hayo hupanga vipande vya giaboksi kwa mpangilio aliovifungulia, kuanzia kushoto kwenda kulia, hata kama ni vipande mia mbili. Ukipiga chafya karibu na meza ile utafukuzwa, uwe mteja au mama mkwe. Mama yangu alifukuzwa, na mpaka leo anaisimulia hadithi hiyo kila akipata msikilizaji.

Injini hagusi, breki hagusi. Ni giaboksi tu, tena za otomatiki. Mteja akiuliza swali moja anapewa darasa zima. Gari la gia za mkono, atamwambia, dereva anabadilisha gia mwenyewe; la otomatiki, mafuta ndiyo yanayombadilishia. Kuna pampu inayoyasukuma yapite kwenye vinjia vyembamba, yanabana klachi hii, yanaachia ile, na wewe umekaa tu unasikiliza redio. Maneno hayo nimeyasikia mara nyingi mno, naweza kuyasema yote huku natunga uzi kwenye sindano. Mimi ni fundi cherehani, nashona mapazia na sare chumba cha mbele nyumbani kwetu, na kila anayemsubiri yeye huja kusubiria kwangu.

Ana desturi moja ambayo sijaiona kwa fundi mwingine. Kila asubuhi akifika gereji, kabla hajagusa hata spana, huyazungukia magari yote yaliyolala pale, anawasha moja baada ya jingine, anayaacha yakinguruma, kisha anajimiminia chai. Anaita kuyaamsha. Anasema gari lililolala kwenye baridi halifai kukurupushwa, liachwe kwanza lipate joto. Baada ya nusu saa magari yamepata moto, yeye naye amepata moto, na kazi inaanza. Watu wa duka la vipuri hapo jirani humcheka mpaka hawana mbavu. Mimi sikuwahi kumcheka kwa hilo. Mara ya kwanza alipokuja kwetu kujitambulisha alikataa kukaa mpaka paka wa mama aondolewe kwenye sakafu ya saruji atandikiwe gunia, na hapo hapo nikajua huyu nitaolewa naye.

Sasa nije kwa dada yangu mkubwa. Dada ni mkunga katika kituo cha afya kilicho juu kabisa ya kilima. Nusu ya watoto wa mtaa wetu walipokelewa na mikono yake, wangu watatu wakiwamo, na hata leo hawezi kumpita mmoja wao bila kumshika kichwa na kuuliza kama amekula. Zamu yake huanza saa kumi na mbili kamili asubuhi. Asipofika yeye, mwenzake aliyekesha hawezi kuvua glavu. Kwa hiyo ana gari, la zamani, otomatiki, rangi ya chai ya maziwa, na fundi wa gari hilo ni nani kama si shemeji yake? Miezi ya joto alimwoshea giaboksi na kumbadilishia mafuta yote, akalirudisha likiteleza barabarani bila kelele. Dada alimwombea dua mpaka akaona haya.

Baridi ilipoanza, dada alikuja gereji saa sita mchana, jua limetoka, akaanza kulalamika.

"Shemeji, gari yangu asubuhi inanigomea. Naweka D, imesimama tu. Nahesabu mpaka kumi. Halafu inaruka kama imechomwa sindano! Nikifika mlimani inapiga kelele na gia moja, haitaki kubadilisha."

Mume wangu akaingia kwenye gari, akazunguka nalo kilima mara mbili, akarudi anatabasamu. "Laini kabisa. Gari yako nzima, shemeji."

Wiki iliyofuata dada alirudi na malalamiko yale yale. Mara hii mume wangu alimwambia aliache gari lilale gereji, alichunguze kwa nafasi. Likalala. Asubuhi akafika, akaliamsha pamoja na mengine, akanywa chai yake, ndipo akalitoa barabarani. Likaenda vizuri. Akalirudisha mwenyewe nyumbani kwa dada, akasema maneno ambayo ningekuwa karibu ningemziba mdomo.

"Shemeji, usinielewe vibaya. Gari haina tatizo. Labda asubuhi unakuwa na haraka, mguu unakuwa mzito kwenye mafuta."

Mwanamke amezalisha watu kwenye korido umeme umekatika, ameshika tochi kwa meno, halafu anaambiwa ana haraka! Dada alipokea funguo zake. Alimtazama tu, na mume wangu alirudi nyumbani akiwa hana raha na hajui kwa nini.

Usidhani dada hakujaribu kujitetea. Siku moja aliondoka mapema zaidi, kumbe baridi ya mapema ndiyo kali zaidi, gari likagoma kupita siku zote. Akawa amechelewa mara mbili ndani ya mwezi. Muuguzi mkuu, mwanamke wa maneno machache, akamwita ofisini akamwambia akichelewa mara ya tatu atahamishiwa masjala, akapange mafaili, na chumba cha kujifungulia atapewa mtu anayefika kwa wakati. Jioni ile dada alikuja chumbani kwangu akakaa juu ya furushi la vitambaa, viatu vya kazi bado miguuni.

"Mdogo wangu, mimi kazi nyingine siijui. Wala sitaki kuijua."

Alilia kidogo, akajifuta na kipande cha pazia, akaniomba radhi kwa kukichafua. Mimi nilimwambia alipeleke gari kwa fundi mwingine. Akakataa. Alisema watu wataulizana shemeji mtu ana kasoro gani hata akimbiwe na ndugu zake.

Jumatano tulikula wote mezani kwetu. Dada akaweka kijiko chini.

"Shemeji, niambie ukweli. Kesho niondoke saa yangu ile ile, au nitafute mtu wa kunipeleka?"

Mume wangu akaweka kiganja kifuani. "Ondoka saa yako. Gari hiyo naijua mimi. Ikikugomea, basi mimi si fundi."

Alhamisi nilikuwa na mapazia ya wodi ya kupeleka, nikapanda na dada. Saa kumi na moja na nusu alfajiri, ukungu mzito, pumzi zetu zinaonekana ndani ya gari. Dada akawasha. Akasogeza gia kwenye D, akaachia breki. Wapi! Tumekaa pale watu wazima wawili kwenye gari linalonguruma lisilokwenda popote. Dada akaanza kuhesabu kwa sauti, nami nikahesabu naye. Tulipofika tisa gari likaruka, mapazia yote yakanijia mapajani.

Mlimani ndipo ilipokuwa kasheshe. Injini ilipiga kelele, mshale wa kasi ya injini ukapanda, gia haikubadilika, na mwendo wetu ungeshindwa na mtu aliyebeba ndoo. Nyuma yetu gari la mikate likapiga honi. Kwenye kona ya mwisho nguvu ikatuishia kabisa, dada akaegesha pembeni, akaweka mikono miwili kwenye usukani. Tulisubiri. Baada ya dakika kadhaa gari likapata joto, likabadilisha gia lenyewe, likapanda kana kwamba halijafanya lolote. Tulifika saa kumi na mbili na dakika ishirini. Muuguzi mkuu alikuwa mlangoni. Hakupandisha sauti.

"Kesho uripoti masjala."

"Sawa," dada alisema. Afadhali angegomba. Ile "sawa" yake ilinikata maini.

Niliacha mapazia kwenye benchi, nikapita sokoni kununua vifungo ambavyo sikuvinunua kwa hasira, nikashuka kilima kwa miguu. Kila hatua nilipanga neno la kumwambia mume wangu, na nilikuwa na hatua nyingi. Nilipokata kona ya kituo cha mafuta nilikuwa nimekamilika kabisa. Nikaingia gereji, na hapo maneno yote yakanipotea.

Magari matano yalikuwa yakinguruma kwa pamoja. Moshi mweupe umejaa chini ya bati. Katikati amesimama Fundi Sweta, kikombe mkononi, mgongo ameuelekeza kwenye boneti la mojawapo ili apate joto lake.

"Baba watoto," nikamwambia, "gari ya dada ilipolala hapa, asubuhi uliiamsha hivi hivi?"

Akanishangaa. "Ningeiachaje ipigwe na baridi ile?"

"Kabla ya kuipima?"

Kikombe kikasimama nusu ya njia. "Kabla ya kuipima," alirudia polepole.

"Nimetoka kupanda nayo kilima sasa hivi. Nimehesabu mpaka tisa, imesimama. Tumekwama kwenye kona, tumeachwa na gari la mikate. Ikishapata moto inakuwa nzuri, na wewe hujawahi kuiendesha isipokuwa ikiwa ya moto. Dada hana haraka ya mguu. Dada amenyang'anywa wodi!"

Sikuwa nimemaliza. Nilimtolea uvivu mbele ya watu wa duka la vipuri, na kwa mara ya kwanza hawakucheka. Yeye alikwenda akazima gari la kwanza, la pili, mpaka la tano. Gereji ikawa kimya. Aliniambia kwa sauti ndogo kuwa kesho nimwamshe saa kumi na moja.

Kumwamsha mtu yule kwenye baridi ni kazi ya kulipiwa mshahara. Nilivuta blanketi, akalivuta, nikavuta tena. Lakini aliamka. Alivaa sweta tatu, akajikaza kisabuni, tukatembea mpaka uani kwa dada. Dada alikuwa ameshavaa sare, pengine kwa mazoea, maana masjala hawavai sare. Kioo cha gari kilikuwa kimefunikwa na umande mpaka huoni ndani. Mume wangu aliweka kiganja kwenye boneti, akakiondoa haraka, akakirudisha. Nadhani hakuwahi kugusa boneti kabla gari halijawashwa.

"Tusiwashe kwanza," alisema.

Alifungua boneti, akachomoa kijiti cha kupimia mafuta ya giaboksi, akakiinua kwenye mwanga wa tochi. Kwa kawaida mafuta yale hudondoka upesi. Haya yaling'ang'ania kijiti, yakajivuta, yakafanya uzi mrefu mzito uliokuwa hauna haraka ya kufika chini. Alikifuta, akakichovya tena, akainua tena. Uzi ule ule. Akakaa chini kwenye tofali.

Dada akauliza, "Imekufa?"

"Haijafa. Haina kosa lolote." Alikilaza kijiti magotini. "Shemeji, ile miezi ya joto nilikuwekea mafuta mazito, yale ninayowekea magari ya mizigo. Niliona unapanda kilima kila siku, nikasema hayo yatailinda. Kwenye joto yalikuwa sawa. Sasa yakipigwa na baridi yanaganda, pampu inasukuma haipati, klachi hazibanwi mpaka yapate moto. Ndiyo maana inasimama. Ndiyo maana haibadilishi." Akamtazama dada usoni. "Ni mimi. Umekuwa ukinieleza kitu cha kweli, na mimi nikakwambia ni mguu wako."

Nilimwona dada akifungua mdomo, na ninamjua dada yangu, alikuwa na ya kusema ya mwezi mzima. Akaufunga. Saa yake ilionyesha kumi na moja na dakika ishirini.

"Nitachelewa masjala," alisema tu.

"Huchelewi," mume wangu akamjibu, akaingia kwenye usukani. Aliwasha, akaliacha lingurume, akawa anasogeza gia polepole kutoka nafasi moja hadi nyingine bila kutoka, ili mafuta yazunguke. Dakika kumi na tano tulikaa hivyo, watatu, madirisha yamejaa mvuke. Kisha akaondoka taratibu, hakukanyaga kwa pupa hata mara moja, na gari likabadilisha gia kwa uvivu lakini likabadilisha. Tulifika kumi na mbili kasoro dakika saba.

Nilidhani angetushusha ageuze. Alizima gari akaingia nasi ndani, taulo shingoni, mikono imejaa mafuta. Muuguzi mkuu alikuwa kwenye meza ya mapokezi anaandika.

"Samahani, mama. Nimekuja kwa ajili ya huyu mkunga."

"Wewe ni nani yake?"

Angeweza kusema shemeji yake. Ningekuwa mimi ningesema hivyo, ndugu anaombea ndugu, mambo yanaisha. Alivua kofia.

"Mimi ndiye fundi niliyeiharibu gari yake. Alilalamika mara tatu, nikamwambia nzima. Alichelewa kwa sababu alinisikiliza mimi. Kama kuna mtu wa kupanga mafaili, nipange mimi."

Miaka ishirini na miwili ya ndoa sikuwahi kumsikia akitamka "nimeharibu". Hata sahani akivunja husema imeteleza. Nilijivunia mtu yule. Muuguzi mkuu alimtazama kuanzia kichwani mpaka kwenye viatu, akahesabu sweta, nadhani.

"Itatengenezwa lini?"

"Leo hii. Namwaga mafuta yote, naweka yanayostahili. Kesho alfajiri naiwasha mimi mwenyewe ikiwa ya baridi, nione kwa macho yangu."

Muuguzi mkuu akamgeukia dada. "Mbona umesimama? Kuna mama amefika chumba cha pili, na mwenzako amechoka."

Dada hakushukuru, hakuaga. Alikuwa ameshashika njia ya korido, anavaa glavu huku anatembea.

Nilitaka turudi nyumbani tukasherehekee kwa chai, lakini mume wangu alikaa kwenye benchi la wagonjwa hakuinuka. Nilimuuliza kama anaumwa.

"Ni wangapi?" aliniuliza. "Wangapi nimewaambia gari yao nzima?"

Nilikaa karibu naye. Alitaja mmoja, kisha wa pili, akahesabu kwa vidole vyenye mafuta, na vidole vikaisha. Nilimshika mkono ule ule mchafu, tukakaa pale mpaka watu wa foleni wakatuuliza kama sisi ndio wa kwanza.

Gari la dada lilitengenezwa siku ile ile, na Jumamosi alfajiri likaondoka bila kuhesabiwa hata moja. Mimi nilifikiri yamekwisha. Jumatatu niliamshwa na baridi upande wake wa kitanda. Hakuwapo. Nilimkuta barabarani, sweta tatu, anabisha hodi nyumba ya tatu kutoka kwetu, kwa mwalimu mstaafu anayeishi peke yake, mmoja wa wale aliowahesabu kwa vidole. Mwalimu alifungua mlango akiwa amejifunga shuka mabegani, ana wasiwasi, kwa kuwa saa kumi na moja na nusu habari njema huwa hazibishi hodi.

"Shikamoo mwalimu. Samahani kwa kukuamsha. Naomba niione gari yako kabla haijawashwa."

"Marahaba, fundi. Gari gani? Mimi niliacha kuendesha mwaka juzi." Alicheka kidogo, kicheko cha mtu anayeficha kitu. "Ilikuwa inanishinda asubuhi, inasimama, inaruka. Nilikuletea ukaniambia nzima. Nikajua basi, ni mimi, uzee umeniingia, nitaua mtu. Nikaifunika."

Mume wangu alisimama pale kwenye ngazi, na ukungu ulikuwa unapita kati yao.

"Si wewe, mwalimu," alimwambia. "Hukuwa wewe. Ilikuwa gari."